Daktari Adrien Atiman wa Karema



Sisi tuliokulia Mtendeni tulicheza juu ya njia ya misafara bila kujua. Hapa Tabora ndipo njia iliyotoka pwani ilipogawanyika: moja kwenda Ujiji, moja Karema, nyingine Karagwe na Buganda. Pembe na watumwa walishuka pwani. Mwaka 1888 kijana mmoja aliyepata kuuzwa utumwani alianza safari ya kinyume, kutoka pwani kwenda bara, akiwa tabibu.

Adrien Atiman alizaliwa miaka ya 1860 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu. Alitekwa angali mtoto mdogo, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Wamisionari waitwao Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria. Wengi wetu tulianza shule tukiwa maskini, miguu mitupu, lakini tulikuwa na mama wa kututuma kuni. Yeye hakuwa na baba wala mama, wala hakuweza kurudi kwao.

Kiongozi wa wamisionari hao, Kardinali Lavigerie, aliona kwamba Mwafrika aliyesomea tiba angefaa kuliko mgeni. Basi Atiman alipelekwa kisiwani Malta mwaka 1881, akasomea utabibu mpaka 1888. Mwaka huo alisafiri kuja Zanzibar, na kufikia 1889 alikuwa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako sasa ni Mkoa wa Katavi. Palikuwa na boma lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, kisha likakabidhiwa kwa mapadre mwaka 1885.

Kazi haikuwa haba. Biashara ya watumwa ilikuwa bado haijakoma ziwani. Dawa za Ulaya zilichelewa njiani miezi, kwa hiyo Atiman alijifunza pia dawa za miti kutoka kwa wenyeji, wala hakuona aibu kwa kuwa alisoma ng'ambo. Alifundisha dini, akaoa huko huko, na mwanawe Joseph akawa padre.

Alishuhudia Wadachi wakija na kuondoka, Waingereza wakatawala, na TANU ikazaliwa mwaka 1954. Alifariki Karema mwaka 1956, baada ya miaka 67 katika kituo kimoja. Leo hospitali huko Sumbawanga na jumba la Atiman House jijini Dar es Salaam yana jina lake.

Madaktari waliofuata walishika njia nyingine pia. Mwaka 1950 chama cha TAA kiliongozwa na daktari, Vedasto Kyaruzi, na nchi ilihitaji watu wa namna hiyo. Siwalaumu wasomi wanaowania uongozi. Lakini Atiman hakuacha jina kwa cheo. Aliliacha kwa kukaa.

Hapo ndipo ninapojihukumu. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Nilipohitimu Chuo Kikuu nilipangiwa kituo cha mbali, na kabla ya mwaka kwisha nilikwisha andika barua mbili za kuomba uhamisho kwa sababu za afya. Afya yangu ilikuwa njema. Nilihamishwa, na mzee mmoja wa kijiji alikuja kuniaga akiwa na kuku mkononi. Aliniuliza atakuja nani badala yangu. Sikuwa na jibu, na kuku nilimpokea.

Vijana, someni kwa bidii, maana elimu ilimwinua mtoto aliyeuzwa kama mzigo. Nasi wakubwa tunaokutana kila mkutano kuhesabiana vyeo, tuulizane na jambo la pili: katika vituo tulivyopangiwa, ni wapi wanapotukumbuka?