BELL WA KARAMOJA: MWINDAJI ALIYECHAGUA BUNDUKI NYEPESI

Askari aliyebeba bunduki mchana kutwa katika vilima vinavyoizunguka Gisenyi anafahamu ya kuwa silaha huongezeka uzito kwa kila mpando. Anafahamu vilevile kwamba mtutu ukifupishwa ili kupunguza mzigo, risasi nayo hupungukiwa mwendo, na mwako na kishindo huzidi. Jambo hilo la kuchagua baina ya bunduki fupi na bunduki ya kawaida ndilo lililompatia sifa Walter Dalrymple Maitland Bell, aliyejulikana kama Bell wa Karamoja.

Bell alizaliwa Uskoti mwaka 1880. Wazazi wake walifariki angali mtoto, akalelewa na kaka zake. Shule haikumweka, alitoroka akawa baharia, na kabla hajatimiza miaka 18 alikuwa amekwisha fika Afrika Mashariki, akiajiriwa kuwaua simba waliowasumbua wajenzi wa reli ya Uganda. Baadaye alikwenda kaskazini mwa Kanada wakati wa mbio za dhahabu, akapigana katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, na vita vilipokwisha mwaka 1902 akarejea kuwinda ndovu.

Siku zile wawindaji wengi wa ndovu walitumia bunduki nzito za mitutu miwili, baadhi zikipita kilo 5. Kwa kuwa zilichosha, zilibebwa na wapagazi, na mwenyewe alizipokea dakika ya mwisho. Bell hakuridhika na desturi hiyo. Yeye alifuata nyayo kwa miguu siku nzima katika nyika za Karamoja, akiongozwa na wenyeji hodari kama Pyjale, naye alitaka silaha ambayo angeweza kuibeba mwenyewe na kuielekeza upesi.

Alizijaribu bunduki nyingi za komeo, yaani zile ambazo mpigaji huvuta komeo kwa mkono ili kutoa ganda na kuingiza risasi mpya. Mojawapo ilikuwa Mannlicher-Schoenauer ya Austria, ya milimita 6.5, bunduki iliyojulikana zaidi kwa umbo lake fupi la mwaka 1903, lenye mtutu wa sentimita 45. Wepesi wake ulimpendeza mno. Hata hivyo, aligundua kwamba risasi zake nyembamba ziliweza kupinda zilipogonga mfupa mzito, tena zilikuwa na hitilafu za mara kwa mara.

Ndipo alipoiweka mbele Mauser ya milimita 7 iliyotayarishwa na Rigby wa London. Haikuwa fupi kupita zote, wala haikuwa nzito. Komeo lake lilisafiri umbali mfupi kuliko la bunduki za risasi ndefu, hivyo hatari ya kulivuta nusu wakati wa fadhaa ilipungua. Zaidi ya yote, risasi zake za Ujerumani hazikumwangusha. Katika maisha yake Bell aliua ndovu 1,011, wengi wao kwa bunduki hizo nyepesi.

Lakini siri haikuwa katika chuma peke yake. Bell alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, ukitazamwa kutoka kila upande. Alifanya mazoezi ya kulenga kwa bunduki tupu, na hakufyatua mpaka aione njia ya risasi. Waliomwiga kwa bunduki bila kumwiga kwa elimu walijeruhi wanyama na kuhatarisha maisha yao. Kwa sababu za namna hiyo, nchi kadhaa za Afrika ziliweka sheria ya kukataza risasi ndogo kwa wanyama wakali.

Vita Kuu ya 1914 ilipozuka, Bell alijiunga na kikosi cha ndege cha Uingereza, akaruka katika koloni lile lile la Ujerumani ambalo Gisenyi ilikuwamo. Vita hivyo navyo vilithibitisha uzito wa uchaguzi wa silaha: askari wengi wa Wajerumani walivianza wakiwa na bunduki za mfano wa 1871, ambazo moshi wake ulimwonyesha adui mahali walipojificha. Bell alitunukiwa nishani ya ushujaa. Alifariki Uskoti mwaka 1954.

Idadi ya ndovu wake haistahili kuonewa fahari leo. Biashara ya pembe iliyomtajirisha yeye na wenzake iliwapunguza mno ndovu wa Afrika, na mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku biashara hiyo baina ya nchi na nchi. Katika Hifadhi ya Volkano, ambayo sehemu yake imo Rubavu, silaha ya mlinzi hubebwa ili mnyama aishi.

Kinachobaki kwa askari na polisi ni mafundisho ya kazi. Silaha isipimwe kwa ukubwa wake wala kwa ufupi wake. Ipimwe kwa mambo matatu: je, mwenye nayo ataweza kuibeba hadi mwisho wa safari, je, itafyatuka kila inapotakiwa, na je, yeye mwenyewe anajua kwa hakika risasi yake itakwenda kutua wapi? Asiyeweza kulijibu la tatu, bunduki fupi haitamfaa, na ndefu haitamwokoa.