Maisha ya Profesa Waddington

Leo nataka kuwasimulia maisha ya hayati Profesa Conrad Hal Waddington, mwanasayansi aliyetuachia neno epijenetiki. Sababu ninayo. Mama alipokuwa na mimba ya kitindamimba wetu, alipatwa na kisukari cha ujauzito. Majirani wakaanza kunong'ona eti mtoto atazaliwa keshaharibika. Nikaona afadhali nitafute ukweli vitabuni.

Waddington alizaliwa mwaka wa 1905 mjini Evesham, Uingereza, lakini utoto wake wa mwanzo aliupitisha India, ambako babake alifanya kazi katika shamba la majani chai. Mwaka wa 1910, akiwa na miaka minne tu, alipelekwa Uingereza kulelewa na jamaa zake. Wazazi walibaki India hadi mwaka wa 1928. Hebu fikiria, miaka kumi na minane!

Huko Cambridge alisomea jiolojia, akahitimu mwaka wa 1926. Baadaye alivutwa na swali moja: yai moja dogo linakuwaje mtoto mzima mwenye macho, mifupa na damu? Mwaka wa 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndipo alipobuni lile neno. Kuanzia mwaka wa 1947 alikuwa profesa mjini Edinburgh.

Katika kitabu alichotoa mwaka wa 1957, alichora mlima wenye mabonde mengi, na mpira ukiviringika kuteremka. Mpira ni chembe ya mwili, na kila bonde ni njia inayoweza kufuata. Jeni ndizo zinazoyachonga mabonde kutoka chini. Mazingira nayo yaweza kuusukuma mpira bonde jingine. Aliwahi kuwatia nzi wadogo joto kali wakiwa bado buu-bubu, na mishipa ya mabawa ya baadhi yao ikabadilika.

Profesa alifariki mwaka wa 1975. Siku hizi neno lake hutumiwa hasa kwa alama za kikemikali zinazobandikwa kwenye jeni, zikaziwasha au kuzizima bila kuzigeuza jeni zenyewe.

Sasa turudi kwa mama. Mimba huleta homoni zinazoipunguzia insulini nguvu. Sukari ikizidi damuni, huvuka kondo na kumfikia mtoto, naye kongosho lake hulazimika kutoa insulini nyingi. Ndiyo maana wengi wao huzaliwa wakubwa. Wachunguzi wamepima damu ya kitovu ya watoto kama hao na kuona tofauti katika alama hizo. Huenda zikachangia unene au kisukari ukubwani, lakini hilo bado linachunguzwa. Kumbe alama si hukumu! Chakula, mazoezi na malezi pia vina nguvu.

Mama alifuata masharti ya kliniki, akapunguza sukari na kujidunga insulini. Dada yangu alizaliwa na kilo nne na nusu, sukari yake ikashuka ghafla, wauguzi wakamnyonyesha upesi. Leo ana miaka sita na hunishinda mbio hadi kisimani.

Wale majirani? Walikuja kumwona mtoto, wakanywa chai, wasiseme neno. Mama hakuwauliza kitu. Aliwaongezea chai.