Mike Muuss, aliyewaachia mafundi wa mtandao amri ya ping

Mtandao unapokatika Butembo au Beni, jimboni Kivu Kaskazini, fundi hufungua kompyuta na kuandika neno fupi: ping. Amri hiyo iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983, na imedumu zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake.

Muuss alizaliwa Iowa City tarehe 16 Oktoba 1958. Alihitimu Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1979, kisha akafanya kazi kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland.

Julai 1983, nchini Norway, alimsikia mtaalamu Dave Mills akieleza namna ya kupima muda ambao ujumbe unatumia kwenda na kurudi mtandaoni. Desemba mwaka huo, mtandao wa maabara yake ulianza kusumbua. Muuss akakumbuka maelezo hayo, na kwa jioni moja akaandika programu ya mistari karibu 1,000. Lakini kabla hajatuma ujumbe wa kwanza, hitilafu ilikuwa imekwisha kutengenezwa.

Jina alilitoa kwenye sonari, chombo cha nyambizi kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi. Ni kama mtu kupaza sauti kwenye kilima kimoja na kuhesabu muda hadi ajibiwe kutoka kilima cha pili.

Kwa mwenye ofisi, faida yake ni kujua nani wa kulaumu kabla ya kutoa pesa. Fundi huanza kwa kuiuliza ruta ya ofisi. Isipojibu, tatizo huwa karibu: waya, umeme au ruta yenyewe. Ikijibu, anauliza anwani ya mbali. Kimya cha huko peke yake si ushahidi, kwa sababu seva nyingine zimezuiwa kujibu. Hivyo hujaribu anwani zaidi ya moja. Kwa wenye antena ya setilaiti iliyo angani kilomita karibu 36,000, jibu hufika baada ya nusu sekunde hivi hata kama kila kitu ni kizima.

Muuss alifanya kazi nyingi kubwa zaidi, ikiwemo BRL-CAD, programu ya kuchora vitu vya pande tatu. Alifariki katika ajali ya barabarani nchini Marekani tarehe 20 Novemba 2000, akiwa na miaka 42. Kazi ya jioni moja ndiyo iliyobeba jina lake.