Louis Brandeis

Louis Dembitz Brandeis (Louisville, Kentucky, 13 Novemba 1856 – Washington, D.C., 5 Oktoba 1941) alikuwa mwanasheria wa Marekani na Myahudi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo (1916–1939).

Mwaka 1890 yeye na Samuel Warren waliandika makala wakitaka sheria imlinde mtu dhidi ya kamera na magazeti ya udaku. Mwaka 1903 jimbo la New York lilifanya kuwa jinai kutumia picha ya mtu kwa matangazo ya biashara bila idhini yake ya maandishi.

Anakumbukwa hasa kwa kesi ya Roy Olmstead (1928), polisi wa zamani wa Seattle aliyeuza pombe ya magendo. Maafisa wa serikali kuu walinasa simu zake kwa miezi kadhaa, ingawa sheria ya jimbo la Washington ilihesabu tendo hilo kuwa jinai tangu 1909. Majaji 5 kati ya 9 waliona Katiba haikuvunjwa, maana hakuna aliyeingia nyumbani kwake. Brandeis alikataa: kwake, ulinzi wa Katiba haukuishia mlangoni, na serikali inayovunja sheria ili kukamata wahalifu inawafundisha raia kuidharau. Olmstead alifungwa, akasamehewa na Rais Franklin D. Roosevelt mwaka 1935. Mahakama yenyewe iliacha msimamo wake mwaka 1967, miaka 26 baada ya Brandeis kufariki.