Oboth-Ofumbi: Waziri kutoka Mulanda aliyeuawa na serikali aliyoitumikia

Kila tarehe 16 Februari Uganda huadhimisha kumbukumbu ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Siku hiyohiyo, mwaka 1977, waliuawa pamoja naye mawaziri wawili wa Rais Idi Amin. Mmoja wao alikuwa Arphaxad Charles Kole Oboth-Ofumbi, Waziri wa Mambo ya Ndani na mwana wa Mulanda, wilayani Tororo.

Oboth-Ofumbi alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Nyamalogo, miongoni mwa Wajopadhola, watu wa jamii ya Waluo walioweka makazi katika eneo hilo karibu na mpaka wa Kenya. Kabla jina lake halijajulikana katika siasa, lilijulikana kwa kalamu. Mwaka 1960 kilichapishwa kitabu chake, Padhola, kinachoeleza asili, koo na mila za watu wake. Wakati huo mengi ya mambo hayo yalikuwa yamehifadhiwa vifuani mwa wazee tu, na watafiti wa historia ya Waluo waliofuata walikitegemea.

Kutoka utumishi hadi uwaziri

Baada ya uhuru wa mwaka 1962 alipanda ngazi katika utumishi wa serikali hadi akawa mtendaji mkuu wa Wizara ya Ulinzi chini ya Milton Obote. Huko ndiko kazi ilikomkutanisha na Idi Amin, aliyekuwa mkuu wa jeshi. Amin alipoipindua serikali tarehe 25 Januari 1971, baraza lake la kwanza lilijaa raia wenye elimu na uzoefu. Oboth-Ofumbi akapewa dhamana ya Ulinzi akiwa waziri wa nchi, na baadaye Mambo ya Ndani.

Miaka ilivyosonga, wengi wa mawaziri hao wa kwanza walifukuzwa, walikimbilia uhamishoni au waliuawa. Yeye alibaki. Kwa cheo, polisi walikuwa chini ya wizara yake. Kwa hakika, nguvu ya kukamata na kuua ilikuwa mikononi mwa vyombo vilivyopokea amri kutoka kwa rais, hasa Idara ya Utafiti wa Taifa yenye makao yake Nakasero. Waziri aliyepaswa kulinda usalama wa raia hakuwa na uwezo wa kulinda hata wake mwenyewe.

Siku ya mwisho

Mapema Februari 1977 askari waliipekua nyumba ya Askofu Mkuu Luwum usiku, wakidai kutafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia rais kulalamikia mauaji na watu kutoweka. Tarehe 16, viongozi wa dini, mabalozi na askari waliitwa Kampala, wakaonyeshwa shehena ya bunduki na kusomewa tuhuma za njama ya kumrudisha Obote. Luwum, Oboth-Ofumbi na Erinayo Oryema, waziri aliyewahi kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza polisi ya Uganda, walikamatwa. Hawakufikishwa mbele ya mahakama yoyote.

Siku iliyofuata redio ya taifa ilitangaza kwamba wote watatu wamefariki katika ajali ya gari walipojaribu kumnyang'anya dereva usukani. Wachache waliamini. Walioiona miili walieleza kuwa ilikuwa na matundu ya risasi.

Mauaji hayo yalitikisa dunia. Mwezi Juni mwaka huohuo, viongozi wa Jumuiya ya Madola waliokutana London walilaani vitendo vya utawala wa Amin. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda.

Luwum amewekewa sanamu katika kanisa la Westminster Abbey jijini London, na tangu 2015 siku yake ni sikukuu ya taifa. Oboth-Ofumbi hatajwi sana nje ya Tororo. Kwa Wajopadhola, hata hivyo, jina lake limebaki kwa mambo mawili: kifo chake, na kitabu alichoandika kabla hajawa waziri.