Bibi Titi Mohamed: aliyeziita ngoma zikaja kwenye siasa

Mfanyabiashara yeyote anayetoka Kabezi au Rumonge, akavuka mpaka hadi Kigoma na kuendelea mpaka Dar es Salaam kufuata vitenge, anaijua Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Huitaja kwa dereva wa teksi na kwa kondakta, kisha huenda zake sokoni. Wachache hujiuliza huyo Bibi Titi alikuwa nani. Sisi tuliosoma ukimbizini Tanzania tulimkuta kwenye somo la historia, tena kwa mistari michache tu. Leo napenda tumfahamu zaidi, kwa sababu maisha yake yanawahusu sana akina mama wa mwambao wetu huu.

Marehemu Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake, ambaye alikuwa mfanyabiashara, hakutaka binti yake asome shule ya wazungu. Baada ya baba kufariki, mama yake, aliyeishi kwa kilimo, ndiye aliyempeleka shule, akasoma miaka michache ya shule ya msingi. Akiwa bado msichana mdogo aliozeshwa kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Jina lake mjini lilitokana na sauti yake, kwani aliongoza kikundi cha ngoma cha akina mama kilichoitwa Bomba.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza na Ruanda-Urundi chini ya Mbelgiji, na nchi zote mbili zilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alitaka kujua wanawake wa chama hicho wako wapi. Viongozi walibabaika, maana hawakuwa na wa kuwaonyesha. Hapo ndipo alipotafutwa Bibi Titi, ambaye yeye na mumewe walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kukata kadi.

Hakuwa na elimu kubwa wala hakuwahi kuhutubia mkutano. Lakini alijua akina mama wa Dar es Salaam walikokuwa wakikutana. Aliwaita viongozi wa vikundi vya ngoma, akawaeleza habari ya uhuru, na kila mmoja akarudi kuwaambia wenzake. Kwa njia hiyo walijiunga wauza maandazi, wauza vitumbua na wapika pombe. Kabla ya mwaka 1955 kwisha, idadi ya wanawake wenye kadi za TANU ilikuwa ya maelfu. Kisha akazunguka mikoani pamoja na Mwalimu Nyerere, akihutubia umati ambao haukuwahi kumwona mwanamke jukwaani.

Uhuru wa Tanganyika ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, Bibi Titi alikuwa miongoni mwa viongozi wakubwa wa nchi. Mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT. Mwaka huohuo Dar es Salaam ilipokea mkutano ulioanzisha umoja wa wanawake wa Afrika nzima, na ndiyo sababu tarehe 31 Julai ikawa Siku ya Mwanamke wa Afrika. Burundi yetu ilikuwa na mwezi mmoja tu wa uhuru.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi wa ubunge. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa nazo, akajiuzulu kuliko kuziachia. Wapo waliomwita mwenye tamaa. Mimi namfikiria mtoto wa kike aliyeozeshwa mapema, asiye na vyeti vya kumpa kazi ofisini, ambaye kitu pekee kilichoandikwa jina lake kilikuwa hizo nyumba. Azimio lilikuwa na nia njema ya usawa, lakini kumtaka mtu kama huyo aziachie lilikuwa jambo zito kuliko kumtaka msomi mwenye mshahara.

Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini. Baada ya kesi ndefu alihukumiwa kifungo cha maisha, kisha mwaka 1972 Rais Nyerere akamsamehe akatoka gerezani. Nyumba zake zilikuwa zimekwisha kutaifishwa, na cheo hakuwa nacho tena.

Dunia nayo ilikuwa inaanza kuzungumza habari za mwanamke. Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkuu Mexico mwaka 1975, Copenhagen mwaka 1980, Nairobi mwaka 1985 na Beijing mwaka 1995. Katibu Mkuu wa mkutano wa Beijing alikuwa Mtanzania, mama Gertrude Mongella. Azimio la Beijing liliweka umaskini wa wanawake mwanzoni kabisa mwa mambo yake kumi na mawili, likataka mwanamke apate haki ya mali na mirathi. Bibi Titi wakati huo alikuwa raia wa kawaida mjini Dar es Salaam. Heshima yake ilikuwa imeanza kurudi mwaka 1991, katika sherehe za miaka 30 ya uhuru, alipotajwa tena hadharani kuwa shujaa.

Alifariki dunia Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Miezi michache kabla yake, Julai 2000, wanawake wa Burundi walikutana Arusha kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, wakadai nafasi katika uongozi na haki ya kurithi ardhi. Nafasi zilikuja, kwani Katiba ya mwaka 2005 iliweka asilimia 30 ya wanawake serikalini na bungeni. Ardhi bado. Burundi iliridhia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake tangu mwaka 1992, lakini mirathi ya shamba imeendelea kufuata mila, na kwa mila shamba ni la watoto wa kiume.

Waliorudi kutoka Tanzania wanalijua jambo hili kwa uchungu. Mama yangu mjane aliporudi alikuta michikichi ya marehemu baba ikivunwa na wengine, na swali la kwanza aliloulizwa ni yuko wapi mwanamume wa kuzungumza naye. Ilibidi anisubiri mimi, mwanawe.

Kwa hiyo akina mama mnaoanika ndagala ufukweni, mnaovusha mawese na kukopeshana katika vikundi, mnazo ngoma zenu tayari. Mikutano ya kimataifa iendelee, lakini waliojaza mikutano ya TANU mwaka 1955 waliitwa na jirani yao. Mkikutana kwa akiba, zungumzeni pia shamba, na mkinunua kiwanja, kiandikwe jina lenu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi Mohamed. Amina.