Mark Donohue: Mhandisi aliyesaka kasi katika pembe za magurudumu

KATIKA mbio za magari wapo madereva waliosifiwa kwa ujasiri, na wapo waliosifiwa kwa kipaji. Mmarekani Mark Donohue, aliyefariki mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 38, alikuwa na vyote viwili, lakini sifa yake kuu ilikuwa nyingine: hakuamini jambo lolote kuhusu gari lake kabla ya kulipima.

Donohue alizaliwa Machi 18, 1937, akalelewa katika mji wa Summit, jimbo la New Jersey. Mnamo 1959 alihitimu kutoka Chuo Kikuu cha Brown akiwa na shahada ya uhandisi wa mitambo. Kufikia wakati huo alikuwa ameshaonja utamu wa mashindano akiendesha Chevrolet Corvette yake ya mwaka 1957.

Mwaka 1961 alitwaa ubingwa wa kitaifa wa madereva wa ridhaa kwa gari dogo aina ya Elva Courier. Dereva mzoefu Walt Hansgen alimtambua, akamshika mkono na kumwingiza katika mashindano makubwa. Mnamo 1965 wawili hao waliendesha kwa zamu gari moja la Ferrari katika mbio za saa 12 za Sebring, Florida.

Urafiki huo haukudumu. Aprili 1966 Hansgen alipata ajali akifanya majaribio huko Le Mans, Ufaransa, akafariki. Ni katika mazishi yake ambapo Roger Penske, dereva wa zamani aliyekuwa akiunda timu yake, alimwendea Donohue na kumtaka wafanye kazi pamoja. Ushirikiano huo ulibadilisha namna magari ya mbio yanavyoandaliwa nchini Marekani.

Ili kuelewa mchango wa Donohue, yafaa kwanza kuelewa kazi ambayo mafundi wetu huiita alainimenti. Mwenye gari la kawaida huifikiria anapoona usukani unavuta upande mmoja au matairi yanalika kabla ya wakati. Kwa gari la mbio, kazi hiyo ndiyo huamua iwapo dereva atamaliza kona akiwa mbele au akiwa nje ya barabara.

Pembe zinazopimwa ni tatu. Ya kwanza ni mwinamo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele ya gari. Gari linapokata kona kwa kasi, bodi hulalia upande wa nje, na tairi la upande huo husimamia ukingo wake tu badala ya uso mzima. Kwa sababu hiyo wahandisi hulaza sehemu ya juu ya gurudumu kuelekea ndani, digrii mbili au tatu hivi kwa gari la michezo, ili uzito unapohamia upande wa nje, mpira wote ukae barabarani.

Ya pili ni mwelekeo, yaani iwapo magurudumu mawili yanatazamana kidogo au yanapeana mgongo. Magurudumu ya mbele yakifunguka nje kidogo, gari huingia konani kwa wepesi. Yakifumba ndani, gari hutulia zaidi kwenye njia iliyonyooka. Ya tatu ni mwegemeo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, ambao hurudisha usukani katikati na kuongeza mwinamo ufaao gurudumu linapogeuzwa.

Kila faida ina gharama yake. Mwinamo ukizidi, gari hushika vizuri konani lakini hupoteza mshiko wakati wa kufunga breki, na ukingo wa ndani wa tairi huchomeka. Hii ndiyo sababu vipimo vya uwanja wa mashindano havifai kwa gari linalotumika kila siku barabarani.

Wengi enzi hizo walipanga pembe hizo kwa mazoea na kwa hisia za dereva. Donohue hakuridhika na hisia, hata zake mwenyewe. Yeye na wahandisi wenzake walitumia uwanja tambarare wa lami uliochorwa duara, wakalizungusha gari kwa kasi ya juu kabisa ambayo matairi yangeweza kuhimili. Kwa kujua ukubwa wa duara na muda wa kulizunguka, waliweza kukokotoa nguvu ya mshiko wa matairi. Kisha walibadilisha jambo moja, wakapima tena.

Njia hiyo ilizaa matunda. Donohue alishinda ubingwa wa Trans-Am mnamo 1968 na 1969 akiendesha Chevrolet Camaro, akaurudia 1971 kwa AMC Javelin. Mwaka 1969 alishinda pia mbio za saa 24 za Daytona akishirikiana na Chuck Parsons.

Mei 1972 alishinda Indianapolis 500 kwa gari la McLaren, kwa kasi ya wastani ya kilomita 262 kwa saa. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa timu ya Penske katika mbio hizo. Muda mfupi baadaye alivunjika goti wakati sehemu ya nyuma ya bodi ya Porsche aliyokuwa akiijaribu ilipong'oka, na ubingwa wa Can-Am mwaka huo ukaenda kwa George Follmer aliyeshika nafasi yake.

Alirejea 1973 na Porsche 917/30, gari lenye nguvu za farasi zaidi ya 1,000 ambalo alishiriki kulistawisha pamoja na wahandisi wa Ujerumani. Alishinda mashindano sita kati ya manane, akatwaa ubingwa, kisha akatangaza kustaafu.

Hata hivyo hakukaa nje kwa muda mrefu. Mwishoni mwa 1974 Penske alianzisha timu ya langalanga, naye Donohue akarudi kwenye usukani. Msimu wa 1975 ulikuwa mgumu, na nafasi yake bora ilikuwa ya tano, aliyoipata Sweden na Uingereza. Agosti 9 mwaka huo aliipeleka 917/30 hadi uwanja wa Talladega, Alabama, akaweka rekodi ya takriban kilomita 356 kwa saa.

Siku nane baadaye, akijiandaa kwa mashindano ya Austria, tairi la gari lake lilipasuka akiwa katika kasi kubwa. Gari lilitoka nje ya barabara, na msimamizi mmoja wa uwanja akauawa. Donohue alionekana kuwa hana jeraha kubwa, lakini maumivu ya kichwa yalizidi. Alifariki katika hospitali ya Graz mnamo Agosti 19 kutokana na kuvuja damu kwenye ubongo.

Mtu aliyetumia maisha yake kuyasoma matairi aliuawa na hitilafu ya tairi, kasoro ambayo hakuna pembe ya gurudumu ingeweza kuirekebisha. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1976, John Watson aliipa timu ya Penske ushindi wake wa pekee wa langalanga katika uwanja uo huo wa Austria.

Donohue aliacha kitabu, The Unfair Advantage, kilichotoka 1975, ambamo alieleza gari baada ya gari kile kilichofaulu na kile kilichoshindikana. Aliacha pia mwana, David, ambaye mwaka 2009 alikuwa miongoni mwa washindi wa mbio za saa 24 za Daytona, miaka 40 baada ya babake kushinda mbio hizo.